Mashine Zimelala, Kompresa Iko Macho

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakurugenzi, wakuu wa idara, wenzangu wa karakana na wa ofisini, itifaki imezingatiwa. Nashukuru kwa kunialika. Niliombwa nizungumzie namna mashirika yanavyoutia vitendoni ubunifu unaojali mazingira, na mratibu akanisihi nije na slaidi. Sina slaidi. Nina kisa cha kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua matumizi ya nishati katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Nilichagua siku ya mapumziko kwa makusudi. Mitambo ilikuwa imezimwa, taa zimezimwa, ndani hamna mtu isipokuwa mlinzi na fundi wa zamu aliyeshika funguo. Tukasimama katikati ya ukumbi wa uzalishaji, kimya kabisa. Baada ya dakika kama nne, kutoka chumba cha pembeni, kompresa ikawaka yenyewe. Ikanguruma, ikajaza tangi, ikatulia. Dakika nne nyingine, tena. Nikamuuliza fundi, "Hewa hii inakwenda wapi, na leo hakuna anayeitumia?" Akacheka. "Inaliwa na mabomba, mzee."

Tukaanza kutembea tukifuata masikio. Kila baada ya viungo viwili vitatu kulikuwa na mluzi mwembamba. Fundi hakuhitaji kifaa; alivijua vile vitundu kama mtu anavyojua milango ya nyumba yake. Hiki cha tangu mwaka juzi. Hiki nilikifunga mpira, ukakatika. Hiki kilikuwa kidogo, sasa kimekua.

Wale wasiokaa karakana wanaweza kudhani hewa ni kitu cha bure. Hewa iliyoshindiliwa ni miongoni mwa nishati ghali kuliko zote kiwandani, kwa sababu umeme mwingi unaoingia kwenye kompresa, sehemu nane au tisa katika kumi, hutoka kama joto. Kinachobaki ndicho kinachosukuma kazi. Tundu la milimita 3, kwenye presha ya baa 7, linakula takribani kilowati 3, usiku na mchana, Krismasi na Idi. Katika viwanda ambavyo matengenezo yake ni ya kusuasua, si ajabu robo ya hewa yote kupotelea njiani.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Kwenye ukuta wa mapokezi wa kiwanda kile kulikuwa na sera ya mazingira ndani ya fremu nzuri, imesainiwa na mkurugenzi. Mezani kwake kulikuwa na pendekezo la kuweka paneli za sola juu ya paa lote. Nilipopiga hesabu, sehemu nzuri ya umeme wa paneli hizo ingeishia kwenye ile miluzi. Wangekuwa wanavuna jua ili kulipulizia hewani. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Nikamrudia fundi. Kama unavijua vyote, mbona huvizibi? Hakukasirika. Alinieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kujieleza mara nyingi. Viungo vipya vinanunuliwa kwa fungu la matengenezo, na fungu hilo ni dogo. Akilimaliza kabla ya mwaka kwisha, yeye ndiye anayeandikiwa barua. Bili ya umeme haipiti kwake, inakwenda moja kwa moja kwa wahasibu, na ni bili moja ya kiwanda kizima. Akiziba matundu hamsini, gharama itaonekana kwenye jina lake, na akiba itamezwa ndani ya tarakimu moja kubwa ambayo hakuna atakayejua imepungua kwa nini. Yule bwana hakuwa mvivu. Shirika lilikuwa limemwekea hesabu ambayo akitenda jema, anaumia.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na mengine yote yatakuwa ni kulizungukia. Mashirika hayakosi mawazo ya kulinda mazingira. Mawazo yanafia kwenye nyufa zilizoko kati ya idara na idara: anayelipa ni huyu, anayefaidi ni yule, anayejua ni wa tatu, na anayeamua hajawahi kusimama ukumbini siku ya mapumziko.

Nitoe mfano wenye majina, kwa sababu umeandikwa wazi na hauna aibu kwa mtu. Mwaka 1997 kampuni ya mazulia ya Interface, ya Marekani, ilikuwa inajenga kiwanda Shanghai. Mchoro wa kwanza wa mfumo mmoja wa kusukuma kimiminika cha moto ulitaka pampu zenye jumla ya nguvu za farasi 95. Mhandisi wao, Jan Schilham, akauchukua mchoro ule akaufanya upya. Ulipomtoka, ulihitaji nguvu za farasi 7.

Hakubuni pampu mpya. Alibadilisha mambo mawili ambayo fundi bomba yeyote angeyaelewa kabla hujamaliza sentensi. La kwanza, alitumia mabomba manene badala ya membamba. Msuguano ndani ya bomba hushuka kwa kasi ya ajabu kipenyo kinapoongezeka: ukiongeza kipenyo mara mbili, kwa mtiririko uleule, msuguano unabaki karibu sehemu moja ya thelathini na mbili. La pili, alipanga mabomba kwanza, mitambo baadaye. Kawaida mitambo inawekwa popote palipo na nafasi, halafu fundi bomba anaitwa aiunganishe. Basi bomba linapinda hapa, linapanda pale, linazunguka nguzo, na kila kona pampu inalipa. Schilham alinyoosha mabomba, kisha akaisogeza mitambo iyafuate.

Kwa nini mchoro wa kwanza haukuwa hivyo? Wahandisi wake hawakuwa wajinga. Walipochagua unene wa bomba walilinganisha bei ya bomba na umeme utakaookolewa, wakaona bomba nene halilipi. Hawakuingiza kwenye hesabu kwamba bomba nene linakuruhusu kununua pampu ndogo, mota ndogo, na vifaa vidogo vya umeme. Bomba lilikuwa mstari mmoja wa bajeti, pampu mstari mwingine. Ufa uleule wa kwa fundi wangu, ila huu ulikuwa kwenye karatasi ya mchoro.

Na kwa kuwa tupo kwenye pampu, niwape hesabu ndogo mtakayoweza kuitumia kabla ya wiki hii kwisha. Pampu na feni nyingi zimenunuliwa kubwa kupita haja, "kwa usalama". Mtiririko unapozidi, watu hufanya nini? Wanafunga vali nusu. Ni sawa na dereva aliyekanyaga mafuta mpaka mwisho huku mguu mwingine uko kwenye breki. Ukipunguza mwendo wa mota yenyewe kwa asilimia 20 kwa kifaa cha kudhibiti mwendo, kwenye mfumo ambao kazi yake kubwa ni kushindana na msuguano, umeme unaoliwa unashuka karibu nusu, maana nguvu inafuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Vifaa hivyo vipo sokoni kwa miongo. Mota za umeme zinakula zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote duniani. Kwa hiyo mkisikia ubunifu wa kijani, msifikirie maabara peke yake. Fikirieni vali iliyofungwa nusu.

Nimesema watu wa karakana wanajua. Kuna kampuni iliyoligundua hilo mapema. Mwaka 1975 kampuni ya 3M ya Marekani ilianzisha mpango iliouita, kwa Kiswahili chetu, Kuzuia Uchafuzi Kunalipa. Waliwaambia wafanyakazi wenyewe walete mapendekezo, kwa hiari, ya kuzuia uchafu usitokee tangu mwanzo: badilisha mchanganyiko wa bidhaa, badilisha njia ya kutengeneza, rekebisha mtambo, au rudisha mabaki kazini. Kumbukeni wakati huo. Viwanda vingi vilikuwa vinafunga machujio mwishoni mwa bomba, uchafu ukishatengenezwa. 3M walirudi nyuma ya bomba wakauliza uchafu unazaliwa wapi. Mapendekezo yaliyotekelezwa kwa miaka iliyofuata yalifika maelfu. Siamini kwamba wafanyakazi wao walikuwa na akili kuliko wa kwenu. Pendekezo lilipokelewa na mtu mwenye jina, likapimwa, likafanyiwa kazi, na aliyelileta akatambuliwa. Sanduku la maoni lenye kufuli iliyoota kutu ni jambo jingine kabisa.

Swali zuri linaweza kuzidi mashine. Baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kuhusu tabaka la ozoni, viwanda vya vifaa vya kielektroniki vilibanwa. Bodi za saketi zikishalehemiwa zilikuwa zinaoshwa mabaki ya dawa ya kulehemu kwa kemikali iitwayo CFC-113, ambayo inakula ozoni. Kila mtu akawa anatafuta kemikali mbadala ya kuoshea. Northern Telecom ya Kanada ilijiwekea mwaka 1988 lengo la kuachana nayo ndani ya miaka mitatu hivi, na kufikia mwanzo wa 1992 ilikuwa imefanikiwa. Sehemu kubwa ya jibu lao haikuwa sabuni mpya. Waliuliza: kwani lazima tuoshe? Wakatumia dawa ya kulehemu isiyoacha mabaki mengi, na hatua nzima ya kuosha ikaondoka, pamoja na mashine zake, kemikali yake na gharama ya kutupa kemikali iliyochafuka.

Lakini angalieni, swali kama hilo haliulizwi na afisa mazingira akiwa peke yake kwenye chumba chake mwisho wa korido. Afisa mazingira ataambiwa, "Bodi isipooshwa itaharibika, mteja atairudisha." Ili ulijibu hilo unahitaji mtu wa ubora, mtu wa uzalishaji, mtu wa ununuzi anayezungumza na muuza dawa, na mkubwa mmoja wa kusema: jaribuni, zikirudi lawama ni zangu. Hii ya mwisho ndiyo adimu. Nimeona majaribio mengi mazuri yakifa kwa kukosa mtu wa kubeba lawama ya wiki mbili.

Turudi kwenye fedha, maana ndipo nyufa zilipo pana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukitaka idara ijali umeme wake, iwekee mita yake na bili yake. Mita ndogo za idara si kitu cha kutisha, na kabla hujaziweka utakuwa unawahimiza watu waokoe kitu wasichokiona. Microsoft walikwenda hatua zaidi: tangu mwaka 2012 walianza kuzitoza idara zao wenyewe kwa hewa ukaa zinayosababisha, kwa umeme na safari za ndege, na fedha zile zikaingia mfuko wa kugharimia kazi za kupunguza. Ni fedha za ndani zinazohama mfuko mmoja kwenda mwingine, utasema ni mchezo wa karatasi. Jaribu kumwambia mkuu wa idara kwamba safari ya timu yake imepunguza bajeti yake, uone kama ataiona ni karatasi.

Napenda pia kuwaambia palipoharibika, kwa sababu mikutano kama hii ina ugonjwa wa kuhadithia ushindi tu. Interface haohao, ambao mkuu wao Ray Anderson alikuwa ameamua mwaka 1994 kuigeuza kampuni nzima iache kuharibu mazingira, walikuja na wazo tamu. Badala ya kumuuzia mteja zulia, wamkodishie. Zulia lao ni la vipande, kwa hiyo kipande kilichochakaa kinang'olewa na kubadilishwa, vilivyo chini ya makabati vinakaa miaka, na kampuni inabeba mabaki yake kuyarejeleza. Mteja analipa huduma, kampuni inafaidika zulia likidumu. Kwenye karatasi halina kasoro.

Waliolikubali walikuwa wachache mno. Kwa wateja, kununua zulia kulikuwa fungu la maendeleo, chini ya bosi mmoja, na kusafisha zulia kulikuwa fungu la uendeshaji, chini ya bosi mwingine. Mkataba wa kukodi uliyachanganya mafungu mawili, na hakuna bosi aliyekuwa tayari kuachia lake. Zulia lenyewe lilikuwa zima. Lililoshindikana ni jinsi ofisi za wateja zilivyogawana pesa. Kwa hiyo mnapobuni huduma ya kijani ya kumuuzia mwingine, jueni ramani ya bajeti yake kabla ya kujua rangi anayoipenda.

Nyufa hazipo ndani ya shirika tu, ziko pia kati ya shirika na jirani yake. Katika mji wa Kalundborg, Denmark, kuna kituo cha umeme, kiwanda cha kusafisha mafuta, kiwanda cha dawa na vimeng'enya, na kiwanda cha mbao za jasi za kujengea. Mwaka 1972 kiwanda cha jasi kilianza kutumia gesi ya ziada kutoka kiwanda cha mafuta. Baadaye mvuke wa kituo cha umeme ukauzwa kwa majirani, tope la kiwanda cha dawa likapelekwa mashambani kama mbolea, na kuanzia miaka ya 1990 kituo cha umeme, kilipoanza kusafisha salfa kwenye moshi wake, kikawa kinazalisha jasi, ambayo jirani aliihitaji kama malighafi. Kinachonifurahisha ni kwamba hakuna aliyekaa akachora mpango mkuu. Kila kiungo kilikuwa mapatano ya wawili, kwa faida ya wawili, kati ya mameneja waliokuwa wanajuana kwa sababu mji ni mdogo. Jina la kitaalamu la mtandao ule lilikuja takribani miaka kumi na saba baada ya bomba lile la gesi.

Msinielewe kwamba ni mteremko. Ukitegemea mvuke wa jirani, siku akifunga boila yake na wewe umelala. Mikataba ya aina hii inataka kipengele cha "ikitokea" ambacho wanasheria wengi hawajawahi kukiandika. Ila swali la kwanza ni dogo sana: mara ya mwisho kumuuliza jirani yako anatupa nini ni lini?

Kuhusu vyeti nitapita haraka. Kiwango cha ISO 14001, cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 ni kizuri, kinakulazimisha uwe na utaratibu, uwe na wahusika, ujikague. Hakikupangii utoe uchafu kiasi gani. Mtu anaweza kuwa na cheti ukutani na miluzi ukumbini, nimewaambia nimeviona vyote viwili siku moja. Na lengo lisilo na njia ya kulifikia ni hatari kuliko kukosa lengo. Mwaka 2015 mamlaka za Marekani ziliibua kwamba Volkswagen waliweka kwenye magari ya dizeli programu inayotambua gari linapopimwa, ikapunguza moshi wakati wa kipimo, na barabarani ikaacha. Magari kama milioni 11 duniani. Huo nao ulikuwa ubunifu, tena wa wahandisi hodari. Mkubwa akisema "nataka namba hii, sitaki kusikia haiwezekani", namba ataletewa.

Nimalizie na kile kiwanda. Nilipendekeza mambo mepesi: lebo nyekundu za kufungwa kwenye kila tundu linalovuja, mita kwenye chumba cha kompresa, saa mbili za fundi kila wiki kwa kazi hiyo tu, na nusu ya akiba irudi kwenye fungu lake. Walikubali. Miezi michache kompresa ikawa inawaka mara moja moja tu siku za mapumziko. Nilirudi baada ya mwaka na nusu. Fundi alikuwa amehamishiwa tawi jingine, na zile saa mbili zilikuwa zimeandikwa kwa jina lake, si kwa nafasi yake. Aliyempokea hakuambiwa. Nikauliza lebo ziko wapi, nikafunguliwa droo. Pakiti nzima, bado imo ndani ya plastiki yake. Tukasimama ukumbini. Dakika tano, kompresa ikawaka.

Lilikuwa kosa langu pia, niliandika ripoti iliyomsifu mtu na kuisahau kazi yake. Siku hizi naandika cheo, siyo jina, na naomba kazi hiyo iingizwe kwenye orodha ya makabidhiano.

Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nina ombi moja kabla sijashuka. Kesho ofisi zimefungwa, na mlinzi ameniambia funguo za chumba cha kompresa anazo. Nitakuwa langoni saa mbili asubuhi. Nahitaji watu watatu wa kwenda nami: fundi wa zamu, mhasibu mmoja na afisa ununuzi mmoja. Mhasibu aje na bili ya mwezi uliopita. Afisa ununuzi aje na viatu vya kutembelea. Nani anakuja?